MADUKA MAPYA KATIKATI YA MJI: TUYAKUBALI, LAKINI TUANZE NA SOKO TULILONALO

*Kidumu Chama cha Mapinduzi!*



Nimepokea simu na jumbe nyingi kuhusu maneno yaliyoenea vijiweni kwamba mji wetu unahitaji maduka mapya ya kisasa ili katikati pachangamke tena. Wapo wanaosema tawi limeshaunga mkono, na wapo wanaosema tawi limepinga. Yote mawili si kweli. Tawi litakuwa na msimamo baada ya kikao cha Halmashauri Kuu ya Tawi, siyo kabla. Ninachoandika hapa ni maoni yangu kama Katibu. Nayaandika mapema ili mje kikaoni mkiwa mmeyafikiria, myakosoe au myaboreshe.

Maoni yangu kwa ufupi: maduka mapya tunayahitaji, lakini yasijengwe mbali na pale watu wanaponunua leo, yasitangulie kabla ya soko lililopo kurekebishwa, na yasigawiwe gizani. Tukikosea katika moja ya hayo matatu tutapata jengo zuri na mji uleule uliosinzia, na wa kwanza kuulizwa na wananchi tutakuwa sisi wenye kadi.

*1. KWA NINI KATIKATI PAMEPOA*

Kabla ya kutafuta dawa tuujue ugonjwa. Sababu naziona tatu.

Ya kwanza ni Kahama. Barabara ya lami kutoka Isaka kwenda Lusahunga imetuletea faida nyingi, lakini imefanya pia safari ya Kahama kuwa jambo la asubuhi na kurudi. Zamani mtu wa vijiji vyetu akitaka bati, kitanda au nguo za harusi alikuja Masumbwe. Leo anapanda basi, anashuka Kahama ambako ni manispaa tangu 2021, anakuta duka kumi za bidhaa moja, anachagua, anapatana bei na kurudi kabla ya jua kuzama. Sisi tunabaki kumuuzia chumvi, sabuni na vocha. Si kwamba watu wetu hawana fedha. Fedha yao inatumika kwingine.

Ya pili ni rashi. Sote tunajua mji wa ukanda wa dhahabu unavyoishi. Duara likizaa huko Nyakafuru au kwingine, baada ya siku chache kuna mama lishe, kuna maduka ya maturubai, kuna wauza mitumba na kuna bodaboda mia. Mfanyabiashara wetu anafunga fremu yake mjini na kufuata watu porini. Hakuna wa kumlaumu, kwa sababu biashara ni kufuata mteja. Shida inakuja duara likikauka: mtaji umeishia kwenye maturubai, na fremu ya mjini ameshaiachia.

Ya tatu ni sisi wenyewe na mazingira ya soko letu. Mteja anayekanyaga tope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi, asiyeona choo safi wala mahali pa kuegesha pikipiki, hatakaa muda mrefu. Atanunua alichokuja kununua na kuondoka. Wenye maduka mnajua kwamba faida kubwa haitoki kwenye kile mteja alichokusudia kununua, inatoka kwenye kile alichokiona akiwa anapita.

Tuyaangalie hayo matatu vizuri. Fremu mpya peke yake haitibu hata moja. Haimzuii mtu kwenda Kahama kama ndani yake kuna bidhaa zilezile chache. Haimrudishi mfanyabiashara kutoka rashi kama kodi yake ni kubwa. Na haiondoi tope la sokoni. Ndiyo maana nasema tusianze na jengo, tuanze na sababu.

*2. WENZETU WALIJENGA, TUWATAZAME*

Hatuko wa kwanza kufikiria kujenga maduka ili kufufua biashara. Tuna mifano ya nchini mwetu na ya jirani.

*Machinga Complex, Dar es Salaam.* Jengo la ghorofa pale Ilala, karibu na Karume, lilijengwa kwa mkopo wa NSSF na kufunguliwa 2010 kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya jengo ilikaa tupu. Machinga waliogawiwa vizimba walirudi barabarani, kwa sababu mteja wa machinga hapandi ngazi kutafuta soksi. Anazinunua akiwa anapita kwenda kituo cha basi. Mapato hayakutosha kulipa mkopo, riba ikaendelea kuhesabiwa, na deni likapanda hadi zaidi ya mara mbili ya fedha iliyokopwa. Hilo ni jiji lenye mamilioni ya watu. Je, sisi?

*Muthurwa, Nairobi.* Wakenya nao walifungua soko la Muthurwa ili kuwaondoa wachuuzi katikati ya jiji. Wengi waliopelekwa kule waliondoka na kurudi mitaani walikotoka. Sababu ni ileile: biashara ndogo inaishi kwa miguu ya wapita njia.

*Soko Kuu la Mwanza.* Hapa ni karibu na kwetu, wengi mnapafahamu. Soko la zamani la mjini kati lilivunjwa ili lijengwe la kisasa, na wafanyabiashara wakahamishiwa Mbugani. Waliambiwa ni kwa muda. Tarehe ya kumaliza ikasogezwa, ikasogezwa tena, na muda ukawa miaka. Mwenye mtaji mkubwa alivumilia, lakini mwenye meza ya nyanya mtaji wake hauwezi kungoja mkandarasi. Funzo langu ni moja: usivunje soko zima kwa mkupuo. Jenga kipande, hamishia watu, ndipo uvunje kipande kingine.

*Kariakoo.* Soko liliungua Julai 10, 2021. Serikali ikatoa takribani shilingi bilioni 28 kwa ukarabati na ujenzi wa jengo jipya. Ujenzi ulikwenda, lakini ugomvi mkubwa haukuwa wa zege, ulikuwa wa majina. Nani alikuwepo kabla ya moto? Nani anadaiwa? Nani ameingizwa na nani ameachwa? Julai 2024 wafanyabiashara waliolalamika kwamba majina yao hayamo walifika hadi ofisi ndogo za Chama chetu pale Lumumba. Zingatieni hilo, ndugu zangu. Hawakwenda kwa mkandarasi, walikuja kwenye Chama. Likitokea hapa Masumbwe, watakuja kwenye ofisi ya tawi.

*Soko la dhahabu Geita.* Huu ni mfano mzuri wa mkoani kwetu. Lilizinduliwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa Machi 2019, na biashara ya dhahabu iliyokuwa ikifanyika kwa kificho ikaanza kufanyika kwenye mwanga. Watu wengi wanakumbuka jengo. Wachache wanakumbuka kilichotangulia: Januari mwaka ule Rais Magufuli aliwaita wachimbaji wadogo Dar es Salaam na kuwasikiliza, na Februari sheria zikarekebishwa, wachimbaji wadogo wakaondolewa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Jengo lilikuja baada ya kanuni. Muuzaji alifuata nafuu na bei ya uwazi, hakufuata rangi ya ukuta. Kama wangejenga jengo na kuacha kodi zilezile, broka wa gizani angeendelea kutamba.

*3. TUFANYE HESABU*

Mnaonifahamu mnajua nimesomea uhasibu ngazi ya diploma, kwa hiyo mtanivumilia. Hizi namba ni za mfano tu, si za mradi wowote uliopo. Nazitumia ili tuone jambo linavyokwenda. Kila mmoja achukue karatasi.

Tuseme tumejenga fremu 60 na kila moja imegharimu shilingi milioni 12. Jumla ni milioni 720.

Tukitoza kodi ya 50,000 kwa mwezi na fremu zote zikajaa, tunapata milioni 3 kwa mwezi, sawa na milioni 36 kwa mwaka. Gharama itarudi baada ya miaka 20, bila kuhesabu riba, mlinzi, usafi wala ukarabati.

Mtu atasema basi tutoze 120,000. Fremu zote zikijaa tunapata milioni 7.2 kwa mwezi, milioni 86.4 kwa mwaka, na gharama inarudi baada ya miaka minane na kitu. Kwenye karatasi inapendeza. Sasa twende kwa mpangaji. Mama anayeuza vitenge akipata faida ya 10,000 kwa siku, kwa siku 26 ana 260,000. Akitoa kodi ya 120,000 anabaki na 140,000. Bado leseni, bado umeme, bado mlinzi, bado kodi ya mapato, bado ada ya mtoto na chakula cha nyumbani. Huyo mama atakaa miezi mitatu, wa nne atarudi kutandaza chini.

Nusu ya wapangaji wakifanya hivyo, fremu 30 kwa 120,000 ni milioni 3.6 kwa mwezi. Linganisheni na milioni 3 za jengo lililojaa kwa kodi ya 50,000. Tofauti ni laki sita tu. Kwa laki sita hizo tumepoteza maduka 30, wasaidizi wa maduka 30, wateja waliokuwa wakija kwenye maduka hayo, mama lishe aliyekuwa akiwauzia chakula, na bodaboda waliokuwa wakiwabeba. Na mteja akiona milango 30 imefungwa, hata ile 30 iliyo wazi anaiona imekufa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayeleta mradi, awe mwekezaji au halmashauri, lisiwe "jengo litakuwa na ghorofa ngapi". Liwe "kodi itakuwa kiasi gani, na nani hapa Masumbwe anaweza kuilipa mwezi wa Februari wakati mazao hayajaingia".

Hilo la msimu ni kubwa kwetu. Mji wetu unategemea mpunga, mahindi, tumbaku, pamba na dhahabu. Kuna miezi fedha inamiminika na kuna miezi watu wanaishi kwa michembe na madeni ya dukani. Mkataba unaotaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo unamfaa mwenye mtaji kutoka nje, haumfai mtoto wa hapa. Kodi ilipwe kwa mwezi au kwa robo mwaka, na ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, siyo mkononi mwa mtu.

*4. NANI ATAPEWA FREMU*

Hapa ndipo penye mfupa wa mjadala, na naomba tusikwepe.

Mnajua mchezo unaochezwa kwenye masoko mengi ya halmashauri nchini. Mtu anasaini mkataba na halmashauri kwa kodi ndogo. Yeye si mfanyabiashara, hajawahi kuuza hata kiberiti. Anamkodisha mfanyabiashara halisi kwa kodi kubwa, na mara nyingine anamdai kilemba juu. Halmashauri inaandika mapato madogo, mfanyabiashara analia, na mtu wa katikati anajenga nyumba.

Turudi kwenye mfano wetu. Halmashauri inapata 40,000 kwa fremu. Mfanyabiashara wa mwisho analipa 120,000. Elfu themanini inabaki kwa mtu wa kati. Kwa fremu 60 ni milioni 4.8 kwa mwezi, milioni 57.6 kwa mwaka. Hiyo ni fedha inayotoka kwa wauzaji wa Masumbwe na haiendi kwenye mtaro, wala taa, wala choo cha soko.

Na tuseme kweli. Mara nyingi hao watu wa kati ni wenye nafasi: kiongozi, ndugu wa kiongozi, au rafiki wa mtumishi. Sisi tunafundishwa kwamba cheo ni dhamana. Kwa hiyo napendekeza tawi letu lijifunge lenyewe kwanza, kabla ya kumfunga mwingine yeyote: *kiongozi yeyote wa tawi, mimi nikiwa wa kwanza, asiombe wala kuombewa fremu katika awamu ya kwanza ya mgao, isipokuwa kama alikuwa tayari anafanya biashara sokoni na jina lake limo kwenye daftari lililohakikiwa hadharani.* Na akipata, aifungue na kuuza yeye au familia yake, asipangishe.

Najua hili halitawafurahisha wote. Baadhi wataniambia kiongozi naye ni raia, ana haki ya kufanya biashara. Ni kweli, na haki hiyo hatumnyang'anyi. Awamu ya pili na ya tatu zipo. Lakini mwananchi akiona majina ya kwanza kwenye orodha ni ya Katibu, Mwenyekiti na wajumbe, hatasoma jina la nne. Atafunga karatasi na kuweka akiba ya hasira hadi siku ya kura.

*5. NINACHOPENDEKEZA*

Haya ndiyo mapendekezo ninayotaka tuyajadili na, tukikubaliana, tuyapeleke ngazi ya Kata na kwa Diwani wetu ili ayabebe kwenye Baraza la Madiwani.

*Moja: daftari kwanza.* Kabla ya tofali la kwanza, kila anayefanya biashara sokoni na pembezoni mwake leo aandikwe: mwenye fremu, mwenye meza, anayetandaza chini, mama lishe, fundi cherehani, muuza dagaa. Orodha ibandikwe sokoni kwa siku za kutosha watu waipinge au waithibitishe. Mwenye deni la ushuru ajue deni lake na apewe utaratibu wa kulipa.

*Mbili: soko lililopo lifanyiwe kazi ya msingi.* Mitaro, paa juu ya meza, choo, maji, taa za usiku, mahali pa taka na maegesho ya pikipiki na bajaji. Mambo haya hayana sherehe kubwa ya kukata utepe, lakini ndiyo yanayomfanya mteja akae dakika thelathini badala ya tano. Taa peke yake inaongeza saa za biashara, hasa kwa mji wenye malori na mabasi yanayopita usiku.

*Tatu: maduka mapya yajengwe kuzunguka soko na stendi, kwa awamu.* Tuanze na fremu chache, zijae, tujifunze, tuongeze. Mteja hafuati jengo, jengo ndilo linalomfuata mteja. Eneo jipya nje ya mji linaweza kufaa kwa maghala, mashine za kukoboa mpunga, gereji na maegesho ya malori, maana hizo ni kazi zinazohitaji nafasi na kelele zake zinasumbua mjini. Duka la vitenge na la dawa tusilipeleke huko.

*Nne: kanuni za mkataba ziwe wazi na ziandikwe kwa Kiswahili chepesi.* Anayesaini ndiye anayeuza. Hakuna kupangisha mtu wa pili. Fremu ikifungwa kwa muda utakaokubaliwa bila sababu, irudi kwenye orodha. Kodi yote iingie kwenye mfumo wa halmashauri, na sehemu itakayokubaliwa irudi kutunza soko lenyewe.

*Tano: akina mama, vijana na watu wenye ulemavu waunganishwe na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri.* Sheria inagawa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kumpa kijana fremu bila mtaji ni kumpa jembe bila mpini. Jumuiya zetu za UWT na UVCCM zisaidie vikundi kuandika maombi sasa, siyo siku jengo linapofunguliwa.

*Sita: kama ni mwekezaji binafsi, mkataba usomwe kwanza.* Si vibaya mtu binafsi akijenga, akaendesha kwa miaka kadhaa na kisha kurejesha kwa halmashauri. Sheria ya ubia kati ya sekta ya umma na binafsi ipo tangu 2010. Lakini miaka mingapi? Kodi anapanga nani? Ardhi inabaki ya nani? Akishindwa katikati, jengo ni la benki au la wananchi? Diwani wetu ayapate majibu kwa maandishi kabla ya kunyoosha mkono.

*6. KWA WANAOSEMA TUNACHELEWESHA MAENDELEO*

Nawasikia vijana wanaosema Katibu anaogopa mambo makubwa, wenzetu wanajenga, sisi tunahesabu choo na mitaro. Hoja yao ina uzito. Mji usiojenga unaachwa, na mwenye fedha hasubiri vikao visivyoisha. Ndiyo maana sijasema tusijenge. Nimesema tupange mstari: daftari na mitaro ni kazi ya miezi, siyo miaka, na vinaweza kwenda sambamba na michoro ya maduka.

Wengine wanasema malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo ndiyo soko letu, tujenge kubwa ili madereva washuke. Madereva ni wateja wazuri, tuwatengenezee maegesho salama, chakula safi na malazi. Lakini tusiujenge mji mzima juu ya mpita njia. Mwaka 2018 Serikali yetu na ya Rwanda zilikubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali. Siku reli hiyo ikikamilika, sehemu ya mzigo itaacha lami. Dhahabu nayo tumeshaiona tabia yake, leo iko hapa na kesho iko kwingine. Anayebaki siku zote ni mkulima wa vijiji vinavyotuzunguka na mkazi wa mjini. Katikati ya mji ijengwe kwa ajili ya huyo kwanza. Dereva na mchimbaji wakija, wanakuwa faida ya juu.

Na kwa wale wanaoona machinga ni uchafu unaotakiwa kuondolewa ndipo mji upendeze, nawakumbusha maelekezo ya Rais Samia ya Septemba 2021: wapangwe bila vurugu wala uonevu. Kupanga ni tofauti na kufukuza. Tukimfukuza muuza ndizi anayesimama mbele ya duka, siku ya pili mwenye duka ataona wateja wamepungua, maana wengi walisimama kwa ajili ya ndizi.

*7. KAZI YA KILA SHINA*

Naomba mabalozi wa mashina mfanye mambo matatu kabla ya kikao. Kwanza, somea wanachama wako ujumbe huu, hasa wazee na wasio na simu janja. Pili, waulize swali moja na uandike majibu: "Ni kitu gani ulikinunua Kahama mwezi uliopita ambacho ungependa kukipata Masumbwe, na kwa nini hukukipata?" Majibu hayo yatatuonyesha maduka ya aina gani yanahitajika kuliko mchoro wowote. Tatu, kila shina lilete jina la mfanyabiashara mmoja wa sokoni, awe na kadi au asiwe nayo, tumwalike atueleze hali halisi ya biashara yake. Soko ni la wananchi wote, na Chama kinachowasikiliza wenye kadi peke yao hakiwezi kuisimamia Serikali.

Maoni yangu yanaweza kupingwa, na anayepinga aje na hesabu yake. Nitafurahi kuona hesabu bora kuliko yangu, kwa sababu fedha itakayotumika ni ya umma na soko litakalobaki ni la watoto wetu. Ila naomba tusifike mahali ambapo tawi linaulizwa na wananchi kwa nini fremu zimefungwa na nani anazimiliki, nasi tukawa hatuna jibu kwa sababu siku ya uamuzi tulipiga makofi tu.

Tukutane kikaoni. Mje na kalamu.

*Kidumu Chama cha Mapinduzi!*

Wenu katika ujenzi wa Chama na Taifa,
*Katibu wa Tawi*
Masumbwe, Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita